Njia Iliyoahidiwa Maji

Mto Ewaso Nyiro hauna haraka ya kufika baharini. Unazaliwa Mlima Kenya na safu ya Nyandarua, unaupasua uwanda wa Laikipia kuelekea kaskazini, unageuka mashariki kupitia nchi ya Wasamburu, kisha unapotelea katika kinamasi cha Lorian. Mmarekani William Chanler aliufuata kati ya 1892 na 1893, akitumaini kukuta ziwa kubwa. Alikuta matete na tope. Wafugaji wa huko wangeweza kumwambia mapema.

Kwao mto ndio uliopanga safari za mwaka. Mvua ikinyesha, mifugo hutawanyika mbali, maana kila bonde lina dimbwi. Kiangazi kikikaza, makundi hurudi mtoni, na mchungaji hupiga hesabu ya malisho kwa umbali ambao ng'ombe ataweza kwenda na kurudi akiwa na kiu.

Hesabu hiyo Wamaasai nao waliijua. Mwaka 1904, baada ya reli kulifungua Bonde la Ufa kwa walowezi, Olonana na wazee wengine wa Kimaasai walitia alama zao kwenye mkataba na Waingereza. Waliokuwa pande za Naivasha na Nakuru wakahamishiwa Laikipia, wenzao wakabaki kusini mwa reli. Wazee walidai jambo ambalo karani asiye mfugaji asingelifikiria: haki ya njia ya kuunganisha maeneo hayo mawili, pamoja na kufikia maji. Naona hapo ndipo palipokuwa na akili yote ya mkataba ule. Waliyoahidiwa hawakuyapata, na karantini za mifugo zikazidi kuwatenga ndugu na ndugu.

Kisha walowezi wakaitamani Laikipia yenyewe. Olonana alifariki Machi 1911. Mwezi uliofuata ukaja mkataba mwingine, na Wamaasai wa kaskazini wakaamriwa kwenda kusini. Safari hii njia zilichorwa na serikali. Makundi yalisongamana kwenye nyanda za juu za Mau, penye mvua na baridi kali, mifugo ikafa, na uhamisho ukasimamishwa kwa muda.

Parsaloi ole Gilisho, kiongozi wa Wamaasai wa kaskazini, na wenzake walikwenda mahakamani kuupinga uhamisho huo. Mwaka 1913 kesi ilitupwa: majaji walisema makubaliano yale yalikuwa mkataba baina ya mataifa, hivyo mahakama ya koloni haikuwa na mamlaka juu yake. Makundi ya mwisho yalikuwa yameshaondolewa, na uwanda ukagawanywa kuwa ranchi.