Moto wa miombo Katavi: setilaiti huona nini?
Kila kiangazi, kati ya Mei na Oktoba, misitu ya miombo inayozunguka Mpanda huungua. Setilaiti za Marekani, Terra ya mwaka 1999 na Aqua ya 2002, hunasa joto la moto huo. Alama moja kwenye ramani ni eneo la kilomita moja ya mraba. Kifaa kipya zaidi, VIIRS, huona kwa mita 375. Lakini alama haisemi nani kawasha, wala kwa nini. Hifadhini moto wa mapema huwashwa makusudi, nyasi zikiwa bado na unyevu. Wa Septemba ndio huua miche na kuteketeza mizinga ya nyuki. Kwa hiyo tukipewa jumla ya mwaka, tunauliza kwanza miezi.