Jinsi redio inavyotambua mtu alipo ndani ya jengo

NOVEMBA 7, 1857, Waingereza Richard Burton na John Hanning Speke waliwasili Kazeh, kituo cha wafanyabiashara wa Kiarabu katika Unyanyembe, eneo ambalo leo ni Tabora. Katika safari yao saa zote walizozitegemea ziliharibika, wakalazimika kuning'iniza risasi ya bunduki kwenye uzi wa karibu mita 1, kila mbembeo ukihesabiwa kuwa sekunde. Wapagazi wa Kinyamwezi hawakuhitaji hesabu hiyo; njia waliijua.

Sekunde ilikuwa na thamani kubwa kwa sababu dunia huzunguka nyuzi 15 kila saa. Katika latitudo ya Tabora, anayekosea sekunde 1 hukosea mahali alipo kwa karibu mita 460, kuelekea mashariki au magharibi.

Mfumo wa setelaiti wa GPS, uliokamilika mwaka 1995, nao hutegemea saa. Setelaiti zilizo umbali wa kilometa 20,200 hivi hutangaza wakati, na simu hukokotoa umbali kutokana na muda uliotumiwa na mawimbi kufika. Katika sehemu moja ya bilioni ya sekunde, mawimbi hayo husafiri sentimeta 30.

Tatizo huanza mlangoni. Mawimbi hufika ardhini yakiwa dhaifu mno. Bati huyarudisha na kuta nene huyafifisha. Katika tembe la Kwihara, alikokaa David Livingstone mwaka 1872 na ambalo ni makumbusho, simu iliyo uani huweza kuonyesha ilipo kwa usahihi wa mita chache, lakini ikiingizwa chumbani alama huanza kutangatanga. Kwa mtalii huo ni usumbufu tu. Kwa askari wa zimamoto anayemtafuta mwenzake katika moshi wa jengo refu, kukosea ghorofa moja kunaweza kugharimu maisha.

Njia mojawapo ni kupima nguvu ya mawimbi ya Wi-Fi katika kila pembe ya jengo na kuiweka kwenye kumbukumbu. Watafiti wa Microsoft waliieleza mwaka 2000, wakapata usahihi wa mita 2 hadi 3. Kasoro yake ni kwamba kabati likihamishwa, au watu wakijaa chumbani, vipimo hubadilika, kwani maji yaliyo mwilini hufyonza mawimbi.

Kwa hiyo wataalamu walirudi kwenye saa. Kiwango cha Wi-Fi cha mwaka 2016 kiliruhusu simu kupima muda wa mawimbi kwenda na kurudi, kwa usahihi wa mita 1 hadi 2. Redio za mapigo mafupi sana, zilizoingia katika simu za iPhone 11 mwaka 2019, hutenganisha pigo la kwanza na mwangwi wa kutani, zikikaribia sentimeta 10.

Hata hivyo, lazima mitambo kadhaa ifungwe jengoni, na mahali pa kila mmoja papimwe kwanza. Fundi akikosea mita 1 kwa futi kamba, kosa lake huingia katika hesabu ya kila simu inayoutegemea mtambo huo.