Mtu wa chupa katika mbio za bagi

Mwaka 2018, mjini Perth, Australia, kijana wa Kitaliano Davide Ongaro alitawazwa kuwa bingwa wa dunia wa mbio za bagi, yaani magari madogo yanayoongozwa kwa redio katika uwanja wa udongo wenye matuta na kona kali. Gari la aina hiyo lina ukubwa wa moja ya nane ya gari halisi na uzito wa kilo 3 na ushei. Fainali yake huchukua dakika 60. Tangi lake la mafuta, kwa mujibu wa kanuni, halipaswi kuzidi mililita 125, kiasi kisichofika hata nusu ya chupa ya soda.

Saa nzima na tangi la aina hiyo haviwezi kupatana bila mkono wa mtu mwingine. Dereva husimama juu ya jukwaa, vidole vyake vikiwa kwenye kifaa cha kuongozea, na haruhusiwi kushuka. Chini, kando ya njia ya mafundi, husimama mtu mwenye chupa. Orodha ya mabingwa wa dunia humtaja yule wa juu peke yake.

Historia ya kazi hiyo ya chini inaanzia kwenye injini yenyewe. Kabla ya mwaka 1947, injini ndogo za ndege za mfano zilihitaji betri na koili ili kutoa cheche, mzigo mzito kwa chombo kidogo. Mmarekani Ray Arden ndiye aliyeleta sokoni plagi ya aina nyingine, yenye waya mwembamba wa platinamu. Waya huo ukishapashwa moto wakati wa kuwasha, hubaki mwekundu wenyewe, kwa sababu platinamu na methanoli zikikutana huzalisha joto. Betri ikaachwa nyumbani.

Lakini methanoli ina nguvu karibu nusu tu ya ile ya petroli kwa kila lita, hivyo injini huinywa kwa pupa. Wakaongeza nitromethani, kimiminika kinachobeba oksijeni yake chenyewe. Nguvu ikapanda, na unywaji ukapanda nao. Mafundi wa magari madogo walipozichukua injini hizo za ndege katika miaka ya 1960, walizichukua pamoja na kiu yake. Marekani ilipata chama cha mchezo huo, ROAR, mwaka 1967, na mwaka 1977 mashindano ya dunia ya magari ya lami yakafanyika Pomona, California. Yale ya bagi yalianza katika muongo uliofuata.

Inafaa kueleza kinachotokea pale njiani, maana kwa mtazamaji jambo lote huisha kabla hajageuza shingo. Gari huingia kwa kasi na kusimama mbele ya fundi, injini ikiendelea kunguruma. Fundi hufungua kifuniko chenye springi, huchomeka mdomo wa chupa, huikamua, hufunga, na gari huondoka. Ndani ya gari hakuna pampu ya mafuta. Sehemu ya moshi hupitishwa katika mpira mwembamba kutoka kwenye bomba la ekzosi hadi ndani ya tangi, na shinikizo lake ndilo linalosukuma mafuta kwenda kwenye kabureta. Kwa hiyo kifuniko kisipokaa sawasawa shinikizo hupotea, na gari huzimika mbali, upande wa pili wa uwanja, mbele ya macho ya dereva asiyeweza kufanya lolote. Itabidi libebwe kwa mikono hadi kwa fundi, liwekwe juu ya sanduku la kuwashia, plagi ipashwe moto upya. Wapinzani wakati huo wanahesabu mizunguko.

Kuna na hatari ya moto. Mwali wa methanoli hauonekani kwa urahisi mchana wa jua, na tone likimwagika juu ya ekzosi, fundi anaweza kuhisi joto kabla hajaona chochote.

Kisha kuna hesabu. Gari linaloingia kila baada ya dakika 8 litasimama mara 7 katika fainali ya saa moja. Likiweza kwenda dakika 10, litasimama mara 5. Dakika 12, mara 4. Kila kusimama ni sekunde kadhaa, na fainali nyingi hutofautiana kwa sekunde hizo hizo. Fundi hodari hubana mafuta kwenye kabureta ili tangi lidumu, lakini akibana mno hewa huzidi, injini hupata joto kupita kiasi na huweza kuharibika. Yeye ndiye mwenye saa mkononi na ndiye anayemwita dereva aingie. Dereva akisema "mzunguko mmoja zaidi", fundi lazima ajue kama mzunguko huo upo ndani ya tangi.

Wanaozijua barabara za malori ya masafa marefu ya Afrika Mashariki wataitambua nafasi hii: ni ya utingo, asiyeshika usukani lakini ambaye bila yeye gari halifiki. Mara nyingi mtu wa chupa ni baba wa dereva, ndugu au rafiki.

Haikuwa lazima asahaulike. Katika mchezo wa jamaa wa karibu, mbio za ndege za mfano zilizofungwa kwa nyaya, ambazo Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Anga huziita F2C, tangi ni dogo zaidi, mililita 7 tu. Ndege tatu huzunguka kwa pamoja, marubani wakiwa wamebanana katikati ya duara. Mbio za kawaida ni mizunguko 100, sawa na kilomita 10, na fainali ni mizunguko 200. Mafuta yakiisha, fundi aliye ukingoni huidaka ndege kwa mkono inapotua, huijaza, huigonga panga boi kwa kidole na kuiachia. Bingwa wa mchezo huo si mtu mmoja. Rubani na fundi huandikwa pamoja na huvishwa medali wote wawili.

Mbio za bagi hazikufuata njia hiyo, na sababu haielekei kuwa uzito wa kazi. Pengine ziliiga magari makubwa, ambako dereva ndiye sura ya timu. Lakini hata magari makubwa yameachana na chupa: Formula One ilipiga marufuku kujaza mafuta katikati ya mbio mwaka 1984, ikaruhusu tena mwaka 1994, kisha ikakataza kuanzia mwaka 2010. Bagi zimeendelea.

Mabadiliko yamekuja kutoka nje ya uwanja. Nitromethani inaweza kutumika kutengenezea milipuko, na kwa sababu hiyo Umoja wa Ulaya ulipitisha kanuni mwaka 2019, iliyoanza kutumika Februari 2021, inayozuia raia wa kawaida kupata mchanganyiko wenye zaidi ya asilimia 16 ya kimiminika hicho. Kanuni iliyotangulia, ya mwaka 2013, iliweka kikomo cha asilimia 30. Nitromethani ikipungua, nguvu hupungua, na tangi nalo hudumu zaidi. Watunga sheria wa Brussels wamegusa hesabu ya kusimama bila shaka pasipo kuifikiria.

Mshindani mwingine ni bagi ya umeme, ambayo betri zake za lithiamu na mota zisizo na brashi zimeifanya iwe na kasi ya kutosha kulikabili gari la mafuta. Mbio zake ni fupi, na betri moja humaliza kazi. Fundi wake huchaji, hukaza skrubu na kuchagua matairi mezani. Kengele ya kuanza ikilia, yeye hurudi nyuma na kutazama kama watu wengine.