Zahanati ya Kale ya Mizingani: Jengo na Kazi Yake

Jengo lenye roshani za mbao za nakshi kwenye Barabara ya Mizingani, karibu na lango la bandari ya Unguja, linajulikana kwa jina la Zahanati ya Kale, ingawa halikuanzishwa liwe zahanati. Mwaka 1887, Malkia Victoria alipotimiza miaka 50 katika kiti cha enzi, Tharia Topan aliweka hapo jiwe la msingi la hospitali ya kuadhimisha sherehe hiyo. Topan alikuwa Mwismailia kutoka India, tajiri aliyewahi kushika forodha ya Zanzibar na kuwakopesha wafanyabiashara wa misafara ya bara, akiwemo Tippu Tip. Kumbukumbu ya jengo haina budi kulisema hilo waziwazi: mtaji wake ulitoka katika uchumi wa pembe za ndovu, uliojengwa juu ya migongo ya wapagazi na watumwa. Topan alifariki mwaka 1891 kazi haijaisha. Mjane wake aliikamilisha mwaka 1894, lakini azma ya hospitali haikutimia kama mumewe alivyoikusudia. Mwaka 1900 mfanyabiashara mwingine, Haji Nasser Nur Mohamed, akalinunua. Ghorofa ya chini akaifanya zahanati ya hisani, na za juu zikawa makazi ya watu.

Naamini mpangilio huo wa chini tiba na juu makazi ndio uliolibakisha jengo hai hadi miaka ya 1960, kuliko uzuri wake. Nyumba za Mji Mkongwe, sehemu ya kale ya mji wa Zanzibar lilimo jengo hili, zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko, vitu visivyovumilia kuachwa. Paa likivuja msimu mmoja wa masika, maji hushuka ukutani, chokaa hulainika, boriti huoza vichwani pale zinapoingia ukutani, na dari hufuata. Mwenye nyumba anayeishi humo au anayeitegemea huliona tone la kwanza. Baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964 jengo likaingia mikononi mwa serikali, kama nyumba nyingine nyingi za mji, na katika miongo iliyofuata likachakaa vibaya. Wapo wanaoulaumu umri wa jengo. Lakini mwaka 1964 lilikuwa na miaka 70 tu tangu likamilike, na mjini zipo nyumba kongwe kuliko hilo ambazo bado zinakaliwa. Kilichokatika ni wajibu: hapakuwa na mtu mmoja ambaye paa lile lilikuwa jukumu lake na ambaye alikuwa na fedha ya kulitengeneza.

Ndiyo maana hatua ninayoiona kubwa zaidi katika historia hii ni mkataba wa mwaka 1990, ambapo serikali ililikodisha jengo kwa taasisi ya utamaduni ya Aga Khan. Ukarabati wa miaka iliyofuata ulisifiwa kwa rangi, vioo na nakshi, na sifa hizo ni za haki. Hata hivyo, faida yake ya kudumu zaidi ilikuwa kuwafunza mafundi wa Zanzibar kazi ya chokaa na mbao, kwa sababu ukuta wa matumbawe ukipakwa saruji hufungiwa unyevu ndani na kuliwa polepole. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 jengo lilikuwa limefunguliwa upya kuwa kituo cha utamaduni cha Mji Mkongwe.

Wapo wanaouliza: kwa nini utamaduni, na si tiba, ilhali zahanati ilikuwa ya maskini? Swali ni zito. Lakini ngazi za mbao na vyumba vya karne ya 19 havifai tiba ya leo bila kubomolewa, na kubomoa kungelipoteza jengo lenyewe. Pingamizi lenye nguvu zaidi dhidi ya hoja yangu kwamba kazi ndiyo hulinda jengo linatoka Beit al-Ajaib, jumba la Mji Mkongwe la mwaka 1883 lililowahi kuwa makumbusho lakini sehemu yake ikaporomoka Desemba 2020, ukarabati ukiendelea, na kuua watu. Hilo nalo lilikuwa na kazi. Nakubali, kazi pekee haitoshi. Makumbusho yalikuwa yamefungwa muda mrefu kabla ya ajali, na jumba lililofungwa halina kazi tena hata kama jina limebaki mlangoni. Wengine husema kituo kama hiki huishia kuwa cha watalii. Hatari hiyo ipo kweli, maana kodi ya mgeni ndiyo rahisi kukusanya. Haiondoki kwa kuwafukuza wageni, ambao fedha zao hununua chokaa. Inapunguzwa kwa kuandika ndani ya mkataba wa kila mpangaji kwamba sehemu maalumu ya kodi ni ya paa, na kwamba vyumba kadhaa vitatolewa kwa bei ambayo kikundi cha taarabu cha mtaa wa Ng'ambo au darasa la watoto wa mtaa wa Malindi wanaweza kuilipa.