Kipindi cha sanaa kinachojitegemea

Kipindi cha sanaa kinachojitegemea ni kipindi cha kuchora, kuchapa au kusanifu michoro ambacho huanza na kumalizika siku hiyohiyo, bila kutegemea kilichofundishwa wiki iliyopita. Makala hii inaeleza maandalizi yake kwa mifano kutoka Sumbawanga na nyanda za juu za Ufipa, mkoani Rukwa, Tanzania.

Umuhimu

Katika mtaala wa elimu ya msingi wa Tanzania Bara wa mwaka 2023, sanaa imo katika somo la Sanaa na Michezo. Kazi inayogawanywa katika wiki mbili humwacha nyuma mwanafunzi ambaye wiki ya kwanza alikuwa mgonjwa au shambani. Kipindi kinachojitegemea humwezesha kuanza sawa na wenzake na kuondoka na kazi iliyokamilika.

Maandalizi

Andalio la somo huwa na lengo moja tu, kwa mfano kurudia umbo hadi lifanye pambo. Dakika 40 zinaweza kugawanywa hivi:

* Dakika 5: utangulizi, wanafunzi wakitazama kitu halisi au picha.
* Dakika 5: mwalimu kuonyesha hatua za kazi.
* Dakika 20: wanafunzi kufanya kazi.
* Dakika 5: kutazama kazi za wenzao na kuzijadili.
* Dakika 5: kusafisha darasa.

Inafaa mwalimu aijaribu kazi mwenyewe kabla ya kipindi. Ikimchukua dakika 20, wanafunzi wengi hawataimaliza, ipunguzwe.

Mifano kutoka Ufipa

* *Kuchora umbo.* Wafipa waliyeyusha chuma katika matanuru marefu ya udongo yaitwayo malungu, yenye kimo cha mita 3 hivi. Hewa iliingia yenyewe kupitia matundu ya chini, bila mivuo. Mwanafunzi huchora kwanza mstari wa nje wa tanuru, kisha matundu, mwisho kivuli cha upande mmoja.
* *Pambo la kurudia.* Wafipa pia walifuma nguo za pamba. Kwa kufuata wazo la mistari ya kitambaa, mwanafunzi hukata kiazi mviringo, huchonga umbo rahisi na kulichapa kwa safu.
* *Kusanifu bango.* Maporomoko ya Kalambo, mpakani na Zambia, huanguka zaidi ya mita 200. Umbo lake jembamba linafaa karatasi iliyosimama. Bango huwa na picha moja, maneno yasiyozidi matatu na rangi mbili.

Vifaa

Penseli na karatasi zinatosha kwa kuchora. Mkaa hutoa rangi nyeusi; udongo mwekundu uliochekechwa na kuchanganywa na uji mwepesi wa unga hutoa rangi ya kuchapia. Pasipo karatasi za kutosha, upande mtupu wa karatasi zilizotumika au maboksi yaliyokatwa hufaa. Viazi hukatwa na mwalimu iwapo wanafunzi ni wadogo.

Tathmini

Kazi hupimwa kwa lengo la siku hiyo, si kwa kipaji. Katika pambo, huangaliwa kama umbo limerudiwa kwa nafasi zinazolingana. Bango hubandikwa ukutani na kusomwa kutoka mwisho wa darasa: likisomeka, lengo limefikiwa.