Nani Atamwagilia Mrehani? Historia Fupi ya Maji Yanayoshuka Yenyewe

Leo sina habari za programu mpya wala simu mpya. Nataka kuwasimulia habari za jerikeni, mipira na mitungi ya udongo, na sababu ninayo.

Kwenye dirisha la nyumba yangu hapa Nairobi, ghorofa ya nne, nina vyungu vinne vya mimea. Vitatu ni vya kupendezesha macho tu. Cha nne kina mrehani. Mrehani huo nilipewa na mama kule Mombasa, naye alipewa na mamake. Mmea huu haukai miaka mingi. Hukatwa tawi, likawekwa kwenye maji, na likitoa mizizi hupandwa upya. Ndivyo mrehani mmoja unavyohama kutoka kizazi hadi kizazi. Lakini ukiusahau siku chache bila maji kwenye chungu kidogo, ndio mwisho wake.

Desemba 2021 nilikuwa nasafiri kwa siku kumi na sita. Wenzangu kazini walinicheka: wewe si mtunzi wa programu? Tengeneza mtambo wa pampu na kipima unyevu! Nililifikiria. Ila mtambo huo unategemea stima, na stima ikipotea Ijumaa mtambo ukagoma kuamka Jumatatu, nani atapanda ghorofa nne kuuwasha? Nikachagua nguvu ambayo haijawahi kukatika tangu dunia iumbwe: mvutano wa dunia. Maji hushuka. Basi.

Nilinunua mipira ya dripu kwenye duka la dawa, ile yenye kigurudumu cha kubana. Nikaweka jerikeni la lita 20 juu ya stuli, nikalitoboa chini, nikachomeka mipira minne, mmoja kwa kila chungu. Hesabu ilikuwa nzuri. Kila chungu robo lita kwa siku, vyungu vinne lita moja, siku kumi na sita lita kumi na sita. Mpira wangu ulitoa mililita moja kwa matone 20, kwa hiyo robo lita ni matone 5,000 kwa siku, yaani matone matatu na nusu hivi kwa dakika. Nikabana kigurudumu, nikahesabu kwa saa ya mkononi, nikafunga mlango, nikaenda zangu.

Niliporudi mrehani ulikuwa umekauka kama karatasi. Na jerikeni lilikuwa bado na maji!

Mdudu alikuwa wapi? Si kwenye hesabu ya matone, bali kwenye jambo nililodhani halibadiliki. Jerikeni likiwa limejaa, uso wa maji ulikuwa sentimita 50 juu ya mdomo wa mpira. Kila siku uso huo ulishuka, na msukumo ukashuka nao. Maji yalipokaribia kwisha zilibaki kama sentimita 10, yaani msukumo ulikuwa umebaki sehemu moja ya tano. Katika njia nyembamba kama ile, matone nayo hupungua karibu kwa kiasi hichohicho. Siku za mwanzo chungu kilifurika, siku za mwisho kilipata tone moja moja la huruma.

Nilimpigia mama simu kumwambia. Akasema, "Si neno mwanangu, njoo nikukatie tawi jingine. Lakini fanya upesi, hapa uani wataka kujenga." Nikaenda. Miezi michache baadaye ua ule ulimwagwa saruji. Mrehani wa bibi ukabaki mmoja tu, ule wa dirishani kwangu. Hapo ndipo nilipoanza kusoma kwa bidii waliotutangulia walifanyaje.

Nilichogundua ni hiki: kuyashusha maji hakujawahi kuwa tatizo. Tatizo la miaka zaidi ya elfu mbili ni kuyashusha kwa kipimo kilekile.

Mwenye mto halijui tatizo hili. Wamarakwet, kwenye ukingo wa bonde la Kerio, wamechimba mifereji inayoteremsha maji kutoka milimani hadi mashambani kwa karne kadhaa. Kule Oman iko mifereji iitwayo aflaj, na mitano kati yake iliingizwa kwenye orodha ya UNESCO mwaka 2006. Kote huko maji huja mfululizo, kwa hiyo kazi kubwa ya watu ni kugawana zamu. Kwa lugha yetu sisi watu wa tarakilishi, wanagawana muda wa mashine. Lakini mwenye jerikeni ana chombo kinachokwisha, na hapo ndipo mambo hubadilika.

Wa kwanza ninayemjua kulishika tatizo hili ni Ctesibius wa Aleksandria, Misri, karne ya tatu K.K. Yeye hakuwa akimwagilia maua, alikuwa akitengeneza saa ya maji. Saa ya maji ikichelewa kila chombo kinapopungua, haina faida. Dawa yake ilikuwa kuweka chombo cha kati kinachojazwa daima, chenye tundu juu la kumwagia ziada. Uso wa maji haupandi wala haushuki, hivyo matone ni yaleyale. Ni akili kubwa, lakini inataka maji mengi ya kupotea. Ghorofa ya nne Nairobi, ambako mfereji hutoa maji siku mbili kwa wiki, ziada ya kumwaga naitoa wapi?

Uchina walikwenda njia nyingine kabisa. Katika karne ya kwanza K.K., mtaalamu wa kilimo Fan Shengzhi aliandika kuhusu kufukia mtungi wa udongo shambani, kuujaza maji, kuufunika, na kupanda mbegu za jamii ya maboga kuuzunguka. Mtungi usiopakwa rangi ya kung'aa una vitundu vidogo mno. Udongo ukikauka huvuta maji kupitia ukuta wa mtungi, ukilowa huacha kuvuta. Hakuna anayehesabu matone. Mmea wenyewe ndio unaoagiza! Watunzi wa programu mtaelewa kwa nini nilisimama nikapiga makofi peke yangu.

Kisha akaja Mfaransa Edme Mariotte, kasisi na mwanasayansi, aliyefariki mwaka 1684. Kitabu chake kuhusu mwendo wa maji kilichapishwa mwaka 1686, baada ya kifo chake. Chupa inayoitwa kwa jina lake ni rahisi hadi inaudhi. Chukua chombo, kizibe kabisa juu kisiingize hewa. Kwenye kizibo pitisha mrija ulio wazi pande zote mbili, ncha yake ya chini iwe ndani ya maji. Maji yakitoka chini, hewa ya kujaza nafasi haina njia ila mrija huo. Sasa kinachoamua msukumo si uso wa maji tena, bali ncha ya chini ya mrija, na ncha hiyo haisogei. Matone hubaki yaleyale tangu chombo kikiwa kimejaa mpaka maji yafike kwenye ncha. Hakuna ziada inayomwagwa, hakuna kinachozunguka, hakuna stima.

Karne ya ishirini ilileta plastiki. Simcha Blass, mhandisi mzaliwa wa Poland, aliona katika miaka ya 1930 mti mmoja ulionawiri kuliko wenzake kwa sababu ya bomba lililovuja karibu na mizizi. Baadaye, pamoja na mwanawe, alitengeneza kidondoshi chenye njia ndefu nyembamba ya kuyachosha maji kabla hayajatoka. Mwaka 1965 alishirikiana na kibutzi cha Hatzerim huko Israeli, na ndipo kampuni ya Netafim ikazaliwa. Tangu miaka ya 1990 taasisi ya utafiti wa kilimo hapa Kenya, KARI wakati huo, ilisambaza vifaa vya ndoo vya Mmarekani Richard Chapin: ndoo inatundikwa kama mita moja juu ya ardhi, na mipira yenye matundu inalisha sukuma wiki. Huenda hata wewe umewahi kuiona kwenye bustani ya jirani.

Basi kabla ya safari ya Desemba 2022 nilirudi kwenye jerikeni langu, safari hii na Mariotte. Nilichagua jerikeni gumu lisilobonyea, nikatoboa kifuniko, nikapitisha mrija, nikaziba kwa gundi ya silikoni. Ncha ya mrija niliiacha sentimita chache juu ya matundu ya kutolea maji. Maji niliyachuja kwa kitambaa, maana punje moja ya mchanga huziba njia nzima. Halafu nikafanya nilichopaswa kufanya mara ya kwanza: majaribio. Kwa siku nne nilichora mstari ubavuni mwa jerikeni kila asubuhi.

Siku ya kwanza na ya pili maji yalishuka kupita kiasi, hasa adhuhuri. Kumbe jua la dirishani lilikuwa likiipasha moto hewa iliyofungiwa juu ya maji, ikatanuka na kuyasukuma nje. Nikalihamishia jerikeni kivulini na kurefusha mipira. Mistari ya siku zilizofuata ikapishana sawasawa, kama ya rula. Na kwa kuwa sikutaka kuweka imani yote mahali pamoja, kwenye chungu cha mrehani nilifukia pia kimtungi cha udongo cha Fan Shengzhi, nikakijaza na kukifunika.

Siku kumi na sita baadaye nilifungua mlango na harufu ikanipokea kabla sijawasha taa.

Mwaka uliofuata nilikata tawi, nikalifunga kwa karatasi iliyolowa na kushuka nalo Mombasa. Mama hana ua tena, lakini ana kibaraza. Aliutia mrehani chunguni, akaukagua, kisha akaniuliza, "Na huu nao wataka jerikeni?" Nikamwambia hapana mama, huu una wewe.

Haya, kama una safari karibuni, anza majaribio leo, si usiku wa kuamkia safari. Tuonane tena.