Mabomba ya Maji Juu ya Lava ya Murara

Murara ni mtaa wa wilaya ya Karisimbi, mjini Goma, nchini Kongo, na chini yake kuna mwamba wa lava ya volkano ya Nyiragongo. Mvua huzama katika nyufa za mwamba huo, hivyo mji hauna vijito, na maji yake mengi hupandishwa kwa pampu kutoka Ziwa Kivu. Hapa uchaguzi wa bomba umeongozwa na jiwe zaidi kuliko bei.

Usambazaji wa maji nchini ulikabidhiwa Regideso, shirika lililoundwa na serikali ya Wabelgiji mwaka 1939. Bomba la nyumbani lililozoeleka enzi hizo lilikuwa la chuma kilichopakwa zinki. Chuma hustahimili jua na kukanyagwa, lakini zinki ikishaliwa, kutu huota ndani na kupunguza mwendo wa maji.

Baadaye ilikuja PVC, plastiki nyepesi isiyoshika kutu na inayoungwa kwa gundi. Udhaifu wake ni jua, ambalo huifanya ikakamae na kupasuka, hivyo yafaa kufukiwa. Kuchimba mtaro kwenye lava, hata hivyo, ni kazi ya nyundo na mtaimbo, na mabomba mengi huishia kulazwa juu ya mawe. Polithini, plastiki nyingine iliyogunduliwa Uingereza mwaka 1933, ilijibu tatizo hilo: ile nyeusi huhimili jua, hupinda kufuata mabonde ya mwamba, na huuzwa kwa roli ndefu zenye viungo vichache.

Tarehe 17 Januari 2002 lava ilipita katikati ya Goma, ikaunguza sehemu ya Murara na kufika ziwani. Polithini huyeyuka kwenye nyuzi 130 hivi za Selsiasi. Lava hukaribia 1,000. Chuma hakiyeyuki kwa joto hilo, ila zinki yake huyeyuka kwenye 420, na bomba lililofunikwa na mwamba mpya halifukuliki. Mlipuko wa tarehe 22 Mei 2021 uliharibu tangi na mabomba upande wa Buhene, na matetemeko yaliyofuata yakapasua ardhi. Ardhi ikisogea, kiungo cha gundi huachia mapema. Polithini iliyounganishwa kwa joto hunyumbuka.

Kwa mwamba wa namna hii, polithini hufaa kutoka barabarani hadi uani, chuma mahali bomba linapopanda ukutani au kukanyagwa, na PVC ndani ya nyumba na kwa maji machafu, mbali na jua.